Sanda Fupi

Baba yangu ni fundi wa nguo pale Kasongo, na wengi wanamjua kwa kanzu zake. Mimi tangu utoto nilimjua zaidi kwa kazi yake nyingine, ile isiyohitaji cherehani wala sindano. Mtu akifariki katika nyumba za Waislamu za mtaani kwetu, jamaa humletea baba kitambaa cheupe cha marikani. Baba huzima redio, husimama mezani, hukipima kwa mkono wake na kukikata. Sanda haishonwi, hukatwa tu. Hata mama yetu alimkatia yeye, na hakukosea kipimo, na mpaka leo sijui kama nimsifu au nimlaumu kwa hilo.

Mara mojamoja alikata sanda ya mguu. Kwetu mguu wa mtu ukikatwa hospitalini hautupwi. Huoshwa, huvikwa, hupelekwa makaburini na kuzikwa, ila hakuna kilio wala uji wa matanga. Wakristo nao huzika ya kwao, mara nyingi katika kitenge. Nilikua nikiliona jambo hilo hata sikujua kwamba ni desturi. Nilidhani ndivyo dunia nzima inavyofanya, kama kufunika mtungi wa maji.

Nilipoingia shule ya uuguzi, nilijifunza upande wa pili wa desturi hiyo. Katika chumba chetu cha upasuaji, kazi ya mwanafunzi ni kusimama pembeni, kupokea mguu katika kitambaa, kuutoa mlangoni na kuita, "Wenye mugonjwa wako wapi?" Kwetu mgonjwa ana wenyewe. Ndio wanaompikia, wanaomfulia, wanaolala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Wanakuja wanne watano, mkubwa wao anatanguliza mikono, unampa. Mara ya kwanza nilitazama kando nikimpa. Baadaye nikazoea.

Kisha sukari ikamshika baba mwenyewe. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vikawa vyeusi, na chini ya unyayo kukawa na kidonda ambacho alikificha ndani ya soksi kama mtoto anayeficha kikombe kilichovunjika. Daktari wetu alisema mguu ukatwe chini ya goti, tena upesi, kabla uozo haujapanda. Baba akakataa. Kwanza alisingizia cherehani: nani atakanyaga? Nikamwambia yeye hukanyaga kwa mguu wa kulia, tangu nizaliwe hajawahi kutumia wa kushoto. Akasingizia uzee. Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akanijibu kwamba katika nyumba ile mkuu ni yeye na guu ni lake, sasa amsikilize nani? Mdogo wangu akacheka hadi akaacha sufuria iungue. Mimi sikucheka. Nina hasira za karibu, najijua, nikaondoka nikiupiga mlango.

Aliniambia ukweli jioni moja tukiwa tumekaa barazani.

"Mama," akasema, maana baba wa kwetu huwaita hivyo binti zao, "kila mutu nilimukatia sanda ya muguu, nilimukatia ingine ya mwili muzima mbele ya mvua ya mwaka ingine kurudia. Kila mutu. Ile muguu ikishatangulia mu udongo, inaanza kumwita mwenyewe."

Nilitaka kubisha, nikamkumbuka baba mkubwa. Kaka yake huyo alikuwa mkulima kijijini Wamaza, upande wa Kabambare. Aliukanyaga mwiba shambani, akautibu kwa majani, kwa maombi, kwa majani tena, na alipoletwa Kasongo kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva asianguke, mguu ulikuwa umeshaharibika mpaka juu. Ulikatwa pajani. Baba akaukatia sanda. Kabla kiangazi hakijaisha akamkatia kaka yake ya mwili mzima.

Wakati huo ndipo shule yetu ilipopata nafasi ya kumpeleka mwanafunzi mmoja Ubelgiji kwa majuma machache, kuona hospitali za kule na maisha ya watu wake, pamoja na wanafunzi wa nchi nyingine. Nafasi ikaniangukia mimi. Nikaenda kumwambia baba kwamba siendi, siwezi kumwacha na mguu ule.

"Utaenda," akasema. "Kule nako wanakatwa miguu, si ndiyo? Wende ukaangalie kama wanapona. Ukiona mutu moja mwenye alikatwa muguu, na mvua ikarudia, na ingine, na yeye iko anakula, uniambie. Hapo tutaongea."

Basi wenzangu walisafiri na madaftari ya kuandika habari za Ulaya, mimi nilisafiri na swali la baba. Mdogo wangu aliapa kukisafisha kidonda kila siku na kunipigia simu kikibadilika rangi.

Nitasema wazi: niliipenda nchi ile. Siku za kwanza niliogopa kimya chake. Watu wanapanda basi bila kusalimiana, wanakaa kama wote wametoka msibani. Mchana wanakula mkate baridi na kipande cha jibini, na wanaita hicho chakula. Lakini ukimwuliza mtu njia, anasimamisha safari yake, anakusindikiza hadi kona, anakuonyesha kwa mkono, halafu anakutakia siku njema kana kwamba alikuwa anakungojea tangu asubuhi. Na baiskeli! Kwetu Kasongo baiskeli ni ya mtu anayesukuma madumu ya mawese. Ukipata cheo, unashuka. Kule asubuhi ya kwanza nilimwona mama wa makamo, mwenye mvi, kofia ngumu kichwani, anakata kona kwa kasi mbele ya hospitali hadi sketi inapepea. Nikasema moyoni huyu amechelewa kufagia. Saa hiyohiyo akatokea wodini amevaa koti jeupe. Alikuwa ndiye daktari mkuu wa upasuaji.

Ndani ya hospitali nilitembea mdomo wazi. Si kwa mashine, mashine nilizitegemea. Kilichonishangaza ni kwamba wagonjwa hawakuwa na wenyewe. Hakuna mkeka, hakuna sufuria, hakuna shangazi anayebishana na muuguzi. Nilianza kwa kuwahurumia. Kisha nikamwona muuguzi kijana anamlisha bibi mmoja supu, kijiko kwa kijiko, anangoja ameze, anampangusa kidevu, anamwambia utani, bibi anatabasamu. Hakuwa mjukuu wake wala jirani yake. Hakumjua mpaka juzi. Nilisimama mlangoni nikaona haya kwa ajili ya huruma yangu. Taifa limekaa chini, limekubaliana kwamba kila mgonjwa atakuwa na mtu wa kumshika kijiko, hata kama hana mtu. Hilo ni jambo kubwa, nami sitalidogosha.

Siku ya kuingia chumba cha upasuaji ilipofika, nilipangiwa kuona mzee akikatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari. Kuona tu, bila kugusa. Walinivika nguo za kijani, wakaniambia nisimame hapa na nisisogee. Daktari wa baiskeli alifanya kazi kwa mikono mitulivu, anaeleza kila hatua kwa sauti ndogo, na mimi nilikuwa nafuata vizuri kabisa. Ila mguu ulipoachana na mwili, sijui niseme nini, mwili wangu ukakumbuka kazi yake. Nikasogea. Nikanyoosha mikono yote miwili, viganja juu.

Muuguzi mmoja akaruka mbele yangu asiniache nifike mezani. Daktari akainua macho.

"Binti, unataka nini?"

"Niwapelekee," nikasema. "Wenye mgonjwa wako mlango gani?"

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mguu ukaingizwa ndani ya chombo chenye kifuniko, kifuniko kikafungwa, kikabandikwa alama, kikasukumwa nje kwa mlango mwingine. Nilimwuliza muuguzi kwa kunong'ona unakwenda kuzikwa wapi. Akanijibu kwa upole kwamba hauzikwi, unachomwa pamoja na vingine. Nikabaki nimesimama na mikono yangu mitupu, na machozi yakanitoka ndani ya barakoa, na sikuweza kuyafuta kwa sababu nilikatazwa kugusa uso.

Baadaye daktari alinikuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nilijua nafukuzwa. Nilishaanza kupanga jinsi nitakavyomweleza mkuu wa shule. Yeye akaleta vikombe viwili vya kahawa, akakaa kwenye benchi karibu nami, akasema, "Nieleze." Nikamweleza yote, marikani, makaburi, mlango, na baba. Alisikiliza bila kutazama saa. Nilipomaliza akasema, "Nimekata miguu tangu ujana wangu. Sijawahi kuufuata hata mmoja nje ya mlango ule."

Kesho yake alinichukua kwa mgonjwa mwingine aliyekuwa anangoja kukatwa, bibi mwenye ulimi mkali, akamwuliza mbele yangu kama angependa kujua mguu wake utapelekwa wapi, na kama ana la kusema juu yake. Bibi akatutazama wote wawili.

"Uchomeni!" akasema. "Umenitesa vya kutosha."

Tulicheka hadi muuguzi wa zamu akachungulia. Lakini tangu siku ile, kila nilipokuwepo, daktari yule aliwauliza wagonjwa wake swali hilohilo. Wengine walisema choma. Mmoja aliomba kwanza afikirie. Mtu mwenye cheo kama kile kuongeza neno katika kazi yake kwa sababu mwanafunzi wa Kasongo amenyoosha mikono mahali pasipo pake: nilimpenda, na nilimwambia nampenda, kwa Kifaransa changu cha darasani. Akawa mwekundu mpaka shingoni.

Nilimtumia baba habari hiyo kwa sauti, kwa watsapu. Jibu lake lilikuja siku mtandao ulipofika hadi dukani kwake, na nusu yake ilikuwa kicheko na kikohozi. "Ulinyoosha mikono? Mu Ulaya? Ee mama, utaniua mbele ya muguu!" Kisha akauliza kile nilichotumwa. "Umeshaona mutu?"

Nilimwona juma lililofuata. Katika hospitali ile kuna ukumbi mkubwa wenye reli za kushikia, ambamo waliokatwa miguu hujifunza kutembea kwa mguu wa bandia. Alikuwako mzee mmoja, zamani tarishi wa kugawa barua, ambaye hakuwa mgonjwa tena. Mguu wake ulikatwa kabla mjukuu wake hajazaliwa, na mjukuu sasa alikuwa chuo kikuu. Alikuwa anakuja tu kuwapa moyo wapya. Anamwendea mtu aliyeketi analia, anavuta suruali yake juu, anagonga mguu wa bandia kwa kidole, ko ko ko, anasema, "Ingia, mlango uko wazi." Na alikuwa anakuja kwa baiskeli.

Nilimwomba nimpige picha za video akiwa anaendesha. Akakubali kama bwana harusi. Akazunguka ua wa hospitali, akaachia mkono mmoja, akapunga, akasema kwa sauti maneno niliyomfundisha, "Jambo mzee! Niko hapa! Ninakula!" Nilituma ile video nikicheka peke yangu. Nilijua nimeshinda. Nilianza hata kuhesabu moyoni kwamba nikirudi nitamkuta baba ameshafunga mzigo wa hospitali.

Jibu likaja. Sauti ya baba ilikuwa na heshima ndani yake. "Huyu ni mwanaume. Nimemuonyesha kila muteja. Lakini, mama, umuulize: ile muguu yake iko wapi?"

Nikamwuliza. Tarishi akakuna kichwa, akaanza kucheka. "Maisha yangu yote nimewapelekea watu vitu vyao mlangoni," akasema, "na changu sikuuliza kimepelekwa wapi! Kilichomwa, bila shaka." Nami, kwa ujinga wa furaha, nikampelekea baba jibu hilo kama lilivyo.

"Si unaona?" akasema baba. "Waliichoma. Ndiyo maana haimwiti, haina kinywa. Ya kwetu tunazika. Iko na mahali pa kuitia."

Sikuvunja simu kwa sababu ilikuwa bado mpya. Nilitoka nje nikatembea kwenye baridi bila koti, nabishana na baba kwa sauti kwa Kiswahili, na Wabelgiji wakanipisha njia kwa adabu yao yote. Nimevuka bahari, nimempata mtu mwenyewe, amepanda baiskeli, amepunga mkono, na baba ameuchukua ushahidi wangu akaushona upande wake! Kuchoma haiwezekani, hilo tulilijua sote wawili, mguu wa Mwislamu hauchomwi. Kwa hiyo kwa hesabu yake alikuwa amejifunga kila upande. Nilimkasirikia, na chini ya hasira nilikuwa naogopa sana.

Siku zilizobaki niliomba niwe kwenye kliniki ya miguu. Sikujua kama kuna kliniki ya namna hiyo duniani. Wanakuja watu wenye sukari ambao miguu yao haina tatizo lolote, wanakuja kuangaliwa tu. Muuguzi, mwanamume mnene mwenye ndevu nyekundu, anapiga magoti mbele ya kila mmoja. Anasema, "Unaniruhusu?" Anavua soksi mwenyewe. Anapita katikati ya vidole, anagusa kisigino, kisha anashika kioo cha mkono chini ya unyayo ili mwenye mguu aone mahali ambapo macho yake hayafiki. Kwetu mguu huangaliwa ukishanuka. Pale wanauangalia ukiwa mzima, kama mama anavyomkagua mtoto anayetoka kuoga. Msemo wetu wa usipoziba ufa utajenga ukuta tunaujua sote kwa mdomo. Mtu yule alikuwa anaufanya kwa magoti, mchana kutwa.

Nilimwuliza kwa nini watu wote niliowaona kule ukumbini walikuwa na magoti yao. Vigutu vyao vyote viliishia chini ya goti, wengine kwenye kifundo, wengine walikuwa wamepoteza kidole tu.

"Kwa sababu tunakata mapema," akasema. "Tunakata kidogo ili tusikate kikubwa."

Alisema hivyo huku anapangusa kioo, akaita mgonjwa mwingine. Mimi nilibaki palepale kwenye kiti. Nilimwona baba mkubwa amefungwa kwa kitenge kwenye pikipiki. Niliona meza ya baba dukani, na juu yake ile marikani, ndefu. Ndefu! Nikasimama nikamkumbatia yule muuguzi mbele ya mgonjwa wake, naye akapokea kumbatio lile bila kuuliza sababu. Habari hii sikumtumia baba kwa simu. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Safari ya kurudi sitaisimulia. Anayejua njia ya kutoka Kindu hadi Kasongo wakati wa mvua anajua, na asiyejua hataniamini. Nilishuka kwenye pikipiki mbele ya duka la baba nikiwa na matope hadi masikioni. Alikuwa kwenye cherehani yake, anakanyaga kwa mguu wa kulia. Wa kushoto ulikuwa ndani ya soksi, umelazwa juu ya kigoda, na hata kabla ya kumsalimu niliusikia kwa pua. Mdogo wangu alinitazama kutoka mlango wa nyuma akatikisa kichwa. Kidole cha tatu kilikuwa kimeshafuata viwili vya kwanza.

Tulisalimiana, tukacheka, akaulizia habari za tarishi wake. Kisha nikapiga magoti mbele ya kigoda.

"Baba, unaniruhusu?"

Akashtuka. Binti wa kwetu hupiga magoti kumsalimu baba yake, lakini mguu ule hakuwa amemruhusu mtu auone wote, hata mdogo wangu alisafisha alipoonyeshwa tu. Baba akasogeza kigoda karibu nami. Akasema sawa. Nikavua soksi taratibu, nikachukua kile kioo ambacho wateja hujitazamia kola, nikakishika chini ya unyayo. Baba akainama. Akakitazama kidonda chake kama mtu anayeletewa nguo ya mwingine.

"Kumbe iko hivi," akasema.

"Baba," nikamwambia, "zile sanda za miguu ulizokata, zilikuwa na urefu gani?"

"Unataka ya nini?"

"Nionyeshe tu."

Akapima hewani kwa mikono yake, kama anavyopima kitambaa, kutoka ncha ya vidole vya mkono mmoja hadi kifuani na kupita. Nikamwuliza ya baba mkubwa. Vilevile. Ya yule muuza samaki wa Nyangwe, aliyeletwa kwa mtumbwi. Vilevile, tena ndefu zaidi, alikuwa mrefu. Nikamwuliza ya nani ilikuwa fupi.

Akafikiri. Niliwaona watu wale wakipita usoni mwake, mmoja mmoja, na urefu wao. Fundi husahau jina la mteja lakini hasahau kipimo.

"Hakuna," akasema.

"Hujawahi kukata fupi?"

"Hapana. Zote zilikuwa za paja."

"Basi, baba, muguu haukuwaita. Walikuja wamechelewa. Kule nilikotoka wanakata fupi, na mvua inarudi, na wanapanda baiskeli. Sanda fupi wewe huijui. Huwezi kuniambia inamwita mutu kama hujawahi kuikata."

Nilisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na nilikuwa nalia, na mteja aliyekuwa anakuja mlangoni akageuka akaenda zake. Baba aliendelea kutazama kioo. Kisha akaninyang'anya mguu wake, akauvika soksi mwenyewe, akaniambia niende nikaoge matope. Nikajua nimeshindwa tena.

Nilipotoka kuoga redio ilikuwa imezimwa. Baba alikuwa amesimama mezani, amejiegemeza kwa kiganja kimoja, na mbele yake marikani mpya imekunjuliwa. Alikuwa ameinua kanzu yake, anajipima kutoka chini ya goti hadi kisigino kwa shubiri ya mkono wake. Shubiri mbili na vidole. Akaongeza kidogo pande zote, kwa kufungia. Akachukua mkasi. Sauti ile ya mkasi kwenye marikani naijua tangu sijajua kusema, na sijawahi kuisikia ikiisha haraka vile. Akakunja kipande, akanipa.

"Fupi," akasema. "Kama ya mutoto."

Daktari wetu alimkata siku ya pili yake. Niliomba kuingia kama mwanafunzi, na nikaruhusiwa kusimama pembeni. Chumba chetu hakina taa za kule, na mashine ya umeme ilikohoa mara moja tukabaki tunatazamana hadi ikarudi, lakini mikono ya daktari wetu ilikuwa mitulivu kama ya yule mama wa baiskeli, nami niliiona na nikaishukuru. Ulipoachana nikasogea. Hapa hakuna aliyenizuia. Nikanyoosha mikono, viganja juu, nikawekewa. Ulikuwa mwepesi, na bado una joto. Niliukunja katika marikani ya baba, nikausukuma mlango kwa bega, na kinywa kikafunguka kwa mazoea.

"Wenye mugonjwa wako wapi?"

Mbele yangu alikuwa amesimama mdogo wangu na mume wake, na nyuma yao nusu ya mtaa. Wote wakanitazama mimi, kwa sababu mkubwa wa wenye mgonjwa huyu nilikuwa mimi. Nikasema mwenyewe, "Niko hapa." Kisha mume wa mdogo wangu akatanguliza mikono, nikampa, wakaenda nao makaburini.

Baba alizinduka jioni. Alitazama dari, akatazama shuka mahali ilipolala bapa, akanitafuta kwa macho. Midomo ilikuwa mikavu nikailowesha kwa pamba. Nilidhani ataomba maji, au atauliza kama kumekucha. Aliuliza swali ambalo nimemsikia akiwauliza watu maisha yake yote, mteja akishavaa, kabla hajalipa na kutoka.

"Ilikaa?"

"Imekaa, baba," nikamwambia. "Imekaa vizuri."

Akafumba macho. Mvua imesharudi mara kadhaa tangu siku ile, na kipande kirefu kilichobaki cha marikani ile bado kimekunjwa kabatini kwake, hajakikata.